Karatasi za kupimia oili ya injini: nani azinunue, nani aachane nazo

Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi tii kilomita mia chache tu baada ya kubadilishwa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Weusi ni masizi, na kazi ya oili nzuri ni kuyabeba yakiwa yametawanyika, yasigandamane. Karatasi hizi zinazouzwa mtandaoni kwa pakiti, zenye duara la kudondoshea oili na chati ya kulinganishia, hazipimi weusi. Zinaonyesha kama oili bado inaweza kutawanya masizi, na kama imeingiliwa na maji, mafuta ya kuendeshea gari (petroli au dizeli) au kulanti, yaani maji ya rejeta. Kwa hilo zinafaa. Ila kuna wauzaji wanaozipigia debe kwamba zitakuambia uongeze kilomita ngapi kabla ya kumwaga. Hapo hapana.

Maelekezo ya kwenye pakiti kwa kawaida ni mafupi mno. Endesha gari kama dakika 15 injini ipate joto lake, zima, subiri dakika 5. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), acha tone 1 lidondoke lenyewe katikati ya duara. Usipakaze. Kisha usiilaze karatasi mezani, maana oili itatambaa chini yake na doa litaharibika. Iweke juu ya mdomo wa kikombe ili katikati isiguse kitu, mahali pasipo upepo wala vumbi. Subiri saa 3 hadi 4. Oili ya dizeli yenye masizi mengi iache mpaka kesho yake. Ukisoma baada ya nusu saa, hata oili nzima itaonekana imekufa.

Kusoma kunaanzia katikati kwenda nje. Rangi ya kijivu iliyosambaa sawasawa, hata ikiwa nzito, ni dalili nzuri. Doa jeusi lililojikusanya, lenye ukingo mkali na nje yake peupe, maana yake viambato vya kutawanya masizi vimekwisha: mwaga oili na ubadilishe filta pamoja. Ukingo wenye menomeno ni maji. Ujiuji mweusi unaonata katikati, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, elekeza macho kwenye gasketi ya silinda hedi au kipoza oili, na gari lisitembee mpaka fundi aone. Glikoli iliyo ndani ya kulanti huvigandisha viambato vya oili, na beringi za kranki hazichukui muda kuumia.

Pete pana ya nje inayopitisha mwanga ukiinua karatasi juani ni petroli au dizeli iliyoingia kwenye oili. Wenye Mazda CX-5 ya dizeli wasiipuuze. DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi) inapojisafisha, injini hunyunyiza dizeli ya ziada, na sehemu yake hushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Dizeli haivukizi kirahisi kama petroli, kwa hiyo hubaki humo na kuipunguzia oili mnato. Dipstiki ya injini hiyo ina alama ya X juu ya F (alama ya kujaa) kwa sababu hiyohiyo: oili inapanda badala ya kupungua. Ikikaribia X, mwaga, hata kama kilomita hazijatimia. Safari fupi za mjini ndizo huleta balaa hili zaidi, kwani DPF hukatishwa kabla haijamaliza kujisafisha.

Sasa upungufu wake. Karatasi haipimi mnato, haipimi akiba ya alkali inayozima tindikali, na haioni chembe ndogo za chuma wala vumbi laini linalopenya kwenye filta ya hewa iliyopasuka. Oili inaweza kutoa doa zuri huku imeshakuwa nyepesi kupita kiasi. Hayo yanataka maabara, na kwa lori au jenereta kubwa gharama ya maabara inajilipa.

Kwa Vitz au Probox yenye injini ya petroli ya 1NZ-FE, pesa yako iache mfukoni. Masizi ni machache, doa halisemi mengi, na oili inayoingia ni lita 3.7 tu pamoja na filta. Fuata kilomita za mtengenezaji, ukipunguza kwa vumbi na foleni. Faida ya kweli ni kwa Hiace za dizeli na Canter, tena ukitunza mfululizo: dondosha tone la oili mpya siku ya kumwaga, kisha moja kila kilomita 1,000, na kila karatasi uandike tarehe, kilomita na kiwango cha oili kwenye dipstiki. Doa likijikusanya mapema kuliko ilivyozoeleka, shuku nozeli za kunyunyizia dizeli zinazovuja, filta ya hewa iliyoziba, au oili feki isiyo na viambato.

Pakiti yenyewe si lazima uinunue mara ya pili. Piga picha chati yake, kisha tumia karatasi za kuchujia za maabara au za kahawa zilizo nyeupe. Za hudhurungi usichukue, pete ya mafuta haionekani juu yake.