Mbudya na watoto wadogo: mara ya kwanza nililia, mara ya pili nimeomba turudi

Mwaka jana, likizo ya Juni, tulikwenda Mbudya nikarudi nimeapa sikanyagi tena mpaka mdogo wao aanze darasa la kwanza. Mwaka huu tumerudi, na nina hamu ya kwenda tena. Kisiwa ni kilekile, watoto ndio haohao watatu: mmoja ana miaka 7, wa kati 4, na kitinda mimba ndiyo kwanza miguu imeshika. Kilichobadilika ni siku tuliyochagua na boti tuliyopanda, basi.

Kwa asiyepajua: Mbudya ni kisiwa kisicho na wakazi, hapo mbele ya Kunduchi, Dar es Salaam, na ni eneo tengefu la bahari pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Boti za faiba zinaondokea ufukweni kwenye mahoteli, na ukikuta bahari imetulia ni kama robo saa tu. Unalipa boti, unalipa na kiingilio cha hifadhi. Beba kitambulisho, maana Mtanzania analipa pungufu sana kuliko mgeni.

Sasa hiyo mara ya kwanza. Tuliangalia mfuko, tukaangalia foleni ya barabara ya Bagamoyo, bahari hatukuiangalia. Tumefika saa nne na nusu asubuhi, maji yamekupwa yameishia huko, boti inaonekana kwa mbali kama ya watu wengine. Ikabidi tuifuate kwa miguu juu ya tope na mwani. Mimi mtoto mgongoni, baba yao kabeba kikapu na hotipoti kichwani, wa kati tope likamla ndala moja, akasimama palepale akilia hataki kwenda bila ndala yake. Tulipoifikia boti nilikuwa nimechoka kama mtu anayerudi, siyo anayekwenda.

Halafu jaketi za kuokolea. Zilikuwepo, ila zote za watu wazima. Nikamvalisha wa kati, wakati huo ana miaka 3, nikafunga kamba zote, kisha nikashika jaketi mabegani nikavuta juu. Jaketi likaja, mtoto akabaki. Nikamwonyesha nahodha. Akacheka kidogo, akaniambia, "Mama, usiwe na shaka, bahari leo shwari." Na kweli ilikuwa shwari saa ile. Tuliporudi saa kumi jioni maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na kuta za hoteli, upepo wa kusi umekolea, boti inapanda mawimbi na kuanguka. Sote tulilowa chapachapa. Wa kati alitapika chipsi zote, nyingine kwenye kanga yangu. Mimi nilikuwa nimewakumbatia wote watatu nikisoma kila dua ninayoijua. Hao wenye boti siwataji, lakini sijarudi kwao.

Mama mkwe ni mzaliwa wa Bagamoyo. Nilipomsimulia hakunipa pole, aliniuliza, "Siku hiyo mwezi ulikuwa na siku ngapi?" Nikamwambia mama, mimi ni mtu wa Tabata, mwezi nauonaje na nyaya zile? Akanieleza, na hapa ndipo naomba mzazi mwenzangu asome taratibu.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwa pwani yetu ya Dar, bamvua hukupwa mnamo saa nne au tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Yaani muda uleule familia inapofika ufukweni ndipo maji yamekimbia, na muda wa kurudi ndipo yamejaa, tena upepo wa mchana nao umeamka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, kinyume chake: asubuhi hiyo ya saa nne maji yamejaa, na hata yakitoka hayaendi mbali. Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi, tafuta tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24. Asiyefuata aangalie juu usiku, au atafute jedwali la maji kwenye simu. Kila siku saa zinasogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo bahari ya Jumamosi siyo ya Jumatano.

Basi mwaka huu siku alichagua bibi yao, na yeye mwenyewe akaja. Tumeondoka nyumbani alfajiri, saa mbili na nusu tuko ufukweni. Boti imesogea mpaka karibu, maji ya magoti, watoto wanapokezanwa kama ndoo za maji. Nilikuwa nimepiga simu siku moja kabla kuuliza jambo moja tu: mna jaketi za watoto? Wa kwanza akasema zipo, akanitumia picha, naona ni zilezile kubwa. Wa pili alikuwa nazo kweli, ndogo, zenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ili lisivuke kichwani. Sisi watu wazima tulitozwa shilingi elfu kumi na tano kila mmoja, kwenda na kurudi. Wa miaka 7 alilipiwa nusu. Ni ghali kuliko wale wa mwaka jana. Nililipa bila kunung'unika.

Kisiwani tulikaa upande unaotazama bara. Kusi hutoka upande wa pili, kwa hiyo kisiwa chenyewe kinakukinga, maji yanakuwa ya kuogea mtoto. Kodi banda la makuti mapema, yaliyo mbele huisha kabla ya saa nne. Chakula ni samaki wa kukaanga na chipsi, na ni kitamu, ila agiza ukishuka tu kwenye boti. Sisi tuliagiza saa nne tukala saa saba kasoro. Mtoto wa mwaka mmoja haelewi samaki yuko jikoni, kwa hiyo nilibeba ndizi, maandazi na uji kwenye chupa ya chai. Maji ya bomba hayapo kisiwani. Beba ya kunywa na dumu moja la kuwaogeshea chumvi. Mifuko ya plastiki acha nyumbani, imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kikapu kinatosha.

Michezo sikununua. Makopo mawili ya Blueband na kijiko cha upawa vimewaweka saa tatu nzima wakijenga "kituo cha mwendokasi" ambacho kila wimbi linabomoa. Viatu vya mpira muhimu, kwenye miamba kuna vile vidudu vyeusi vya miiba mirefu. Choo kipo, sitasema zaidi, beba karatasi.

Saa nane na nusu tukaita boti. Watoto walikuwa bado wanataka, na hapo ndipo pazuri pa kuondokea.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya choo na hizo saa karibu tatu za kusubiri samaki.

Ah, na mlinzi aliwaambia watoto wazi kabisa kwamba kombe na magamba ya konokono haviondoki kisiwani. Wote waliitikia. Usiku nimeloweka nguo, nikasikia kitu kinakwaruza ndani ya beseni. Mfukoni mwa kaptula ya mkubwa palikuwa na gamba moja zuri la madoa, na ndani yake mwenyewe, kaa mdogo, miguu nje, amekasirika. Bibi yao alimweka kwenye bakuli la mchanga mbichi mpaka asubuhi. Baba yao, ambaye kazini kwake ni Tegeta, akapewa abiria wa kushusha Kunduchi.