Kindle Paperwhite baada ya miezi mitano: njooni dirishani niwaonyeshe

Habari zenu, wapendwa watazamaji. Leo sianzi na boksi wala chaja. Njooni kwanza hapa dirishani, maana jua la Dar la saa saba mchana ndilo shahidi wangu. Mkono huu nina simu, mkono huu nina Kindle Paperwhite, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, toleo la 2021. Kote nimefungua ukurasa uleule. Mnaona? Kwenye simu mnaniona mimi na pazia langu. Huku maandishi yametulia, meusi, kama yametoka kiwandani jana. Na jua likizidi kuwaka, ndivyo yanavyozidi kusomeka.

Siri iko kwenye wino. Ndani ya skrini hii kuna vidonge vidogo mno, jicho halivioni, na kila kimoja kimebeba chembe nyeupe na chembe nyeusi. Umeme unazipandisha hizi, unazishusha zile, herufi inatokea. Ikishatokea inakaa hapo hapo bila kula umeme, mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana mimi nachaji kila baada ya wiki tatu hivi, na umeme ukikatika sina wasiwasi.

Uzito ni gramu 205, skrini inchi 6.8. Ndani ya daladala nashika bomba kwa mkono mmoja, kitabu kwa mwingine, dole gumba linageuza kurasa. Hakuna ujumbe unaoingia, hakuna simu inayoita. Nilikuwa nimeacha kusoma kwa miaka, jamani, nikajiambia sina muda. Muda nilikuwa nao. Nilichokosa ni utulivu.

Lakini aliyenifanya nirekodi video hii ni Mama. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kusoma ndiyo ilikuwa raha yake. Macho yakapungua, miwani ikabadilishwa mara mbili, mwishowe vitabu akavifungia sandukuni. Jioni moja nikamwekea riwaya ya Kiswahili, niliyoinunua kwa mwandishi mwenyewe akanitumia kwa barua pepe. Herufi nikazikuza mpaka ukurasa ukabaki na mistari minane tu, mwanga nikaufanya wa njano, kama wa kandili. Akakipokea kwa mikono miwili.

“Mwanangu, nikigusa hakiharibiki?”

“Gusa tu, Mama.”

Akagusa upande wa kulia, ukurasa ukageuka. Akanyamaza. Saa tano usiku napita mlangoni kwake, nikaona kamwanga kadogo ndani ya chandarua.

Sasa tuambiane ukweli kabla hamjatoa hela. Kama kazi yako ni PDF za ukubwa wa A4, za chuo au za ofisi, usinunue hiki: ukurasa mzima unabanwa kwenye inchi 6.8, maandishi yanakuwa kama mchanga. Vitabu vya watoto vyenye picha za rangi navyo haviendani nacho, kwa sababu kinaonyesha nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Mkinunua kilichotumika, muuzaji aondoe akaunti yake kwenye kifaa mbele yenu. Hilo msilipuuze.

Vitabu mtapata wapi? Kwenye duka la Amazon, wenye Kindle, viko vingi, ila bei ni za dola na mtahitaji kadi ya benki. Bure kabisa, ingieni Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971: ina vitabu zaidi ya elfu sabini ambavyo hakimiliki zake zimekwisha Marekani, vingi vikiwa vya Kiingereza. Pakueni faili la EPUB, yaani muundo wa vitabu vya kielektroniki, mlitume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma mafaili kwenye Kindle, na huduma hiyo inapokea EPUB tangu 2022.

Vya Kiswahili ni vichache, na hilo linaniuma. Wachapishaji wetu, nawaomba kwa moyo wote, tuuzieni EPUB. Wapo wasomaji kama Mama ambao herufi za kitabu cha karatasi zimeshawashinda, na wako tayari kulipa.

Maswali yenu andikeni hapo chini, nitayajibu kesho kwa simu. Kindle yenyewe niliiazima kwa saa mbili tu. Mama anaisubiri, yuko sura ya tisa.