Mwaka na nusu nikimlipa mchambuzi wa muvi anayetuma voisi WhatsApp, uzoefu wangu

Wakuu, washkaji kazini wananiuliza sana kama ni kweli nalipa elfu tatu kila mwezi ili mtu anitumie voisi za WhatsApp kuhusu muvi. Ndio nalipa, tangu katikati ya 2024, na leo nimeona niandike vizuri nilichopata na kilichonikera ili anayetaka kujiunga ajue anaingia wapi. Jina lake siliweki. Ni mtu wa hapa hapa Dar, kila Ijumaa usiku anatuma voisi moja ndefu kuhusu muvi moja, siku nyingine dakika ishirini siku nyingine arobaini kabisa, Jumamosi watu wanauliza maswali na yeye anajibu mmoja mmoja.

Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza vya Mbagala, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi. Muvi ya kwanza kuielewa mwanzo mpaka mwisho ilikuwa imetafsiriwa na Lufufu, sauti yake inapita juu ya Wachina wanapigana, anakwambia huyu ndo stelingi, yule adui, na stelingi akifanya ujinga anamsema palepale na kibanda kizima kinaitikia. Akaja DJ Mack, na wenzetu Kenya wana DJ Afro wao. Watu wanawaona hao kama watu wa kuchangamsha tu, mimi nasema walikuwa wachambuzi, maana walikuwa wanakwambia muvi inakwenda wapi na wapi imekosea, tena muvi yenyewe ikiwa bado inatembea. Kwa hiyo kuambiwa muvi kwa Kiswahili ndo nilivyojifunza kuangalia. Nilipokuja kuanza kusoma wachambuzi wa nje kwa Kiingereza nilikuwa naelewa, ila kuna kitu kilikuwa kinanipita na sikujua ni nini mpaka siku niliposikiliza voisi yake ya Vuta N'kuvute.

Hii muvi ya Amil Shivji ilitoka 2021, ikaonyeshwa Toronto mwaka huo huo, na 2022 ikachukua ile tuzo kubwa ya dhahabu ya tamasha la Carthage kule Tunisia. Imetokana na kitabu cha Adam Shafi ambacho mimi nilikisoma kidato cha tano kwa ajili ya mtihani, dhamira, wahusika, mandhari, basi, nikakifunga. Sasa jamaa akaanza voisi kwa jina tu. Akasema ile n' ni nikuvute, yaani vuta nami nikuvute. Kwa Kiingereza wameiita Tug of War, ule mchezo wa kuvuta kamba, timu huku timu kule na kamba katikati, lakini kwenye Kiswahili hakuna kamba, kuna mtu na mtu, mwili na mwili. Halafu akatupitisha, Yasmin, yule binti wa hadithi, anavutwa na ndoa aliyoozeshwa na mzee, anavutwa na ndugu zake, anavutwa na Denge, kijana anayempenda, na Denge mwenyewe anavutwa na siasa za kumng'oa mkoloni Zanzibar ya miaka ya 50, na hakuna hata mmoja anayevutwa ambaye na yeye havuti. Nilikaa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Kitabu nilikisoma, mtihani nilifanya, na jina la kitabu sikuwahi kulisikia hivyo.

Na hapo ndo nikajua kilichokuwa kinanipita. Mchambuzi wa nje muvi ya Kiswahili anaisoma kwenye maandishi ya chini, huyu anaisikiliza. Anasikia Kiunguja kinavyokwenda, anasikia nani anamwita nani bibi na kwa sauti gani, anasikia heshima ikipungua kwenye salamu kabla ugomvi haujaanza. Siti Amina aliyecheza Mwajuma, rafiki wa Yasmin, ni mwimbaji kweli, na jamaa alitumia kama dakika saba kueleza namna sauti ya mtu wa taarabu inavyokuwa tofauti hata anapoongea maneno ya kawaida, haina haraka, inajua inasikilizwa. Hayo huwezi kuyapata kwenye asilimia wala kwenye nyota tano.

Alichokosoa ni kwamba kila picha ni nzuri mno, kuta, vitambaa, mwanga wa dirishani, mpaka shida za watu zinaanza kupendeza. Nakubaliana naye nusu. Uzuri haukunisumbua, kilichonisumbua ni siasa ya kitabu kupungua, kule kwenye kitabu unakaa na akina Denge muda mrefu unaujua woga wao, huku dakika tisini na ushee zinaisha ukiwa unawajua zaidi kwa mapenzi kuliko kwa mapambano. Lakini nimeiangalia mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa na mama yangu ambaye muvi huwa hamalizi, hii aliimaliza.

Voisi ya pili ambayo siisahau ni ya Sinners ya Ryan Coogler, 2025. Kama hujaiona, ni Mississippi 1932, mapacha Smoke na Stack, wote kacheza Michael B. Jordan, wamerudi nyumbani kutoka Chicago na hela, wananunua jengo kuukuu la kupasulia mbao wafungue ukumbi wa muziki kwa ajili ya watu weusi wa pale, na usiku wa ufunguzi wanyonya damu wanakuja mlangoni. Kanuni ni moja, hawaingii mpaka wakaribishwe. Jamaa akasema fikirieni hiyo kwetu sisi, mtu akipiga hodi wewe unaitikia karibu kabla hata hujajua ni nani, mdomo unaitika wenyewe, sisi tungekwisha dakika ya kwanza! Halafu akaingia kwenye mumiani. Bibi yangu alikuwa anatutishia na mumiani, wale waliosemekana enzi za mkoloni wanakamata watu usiku wanawatoa damu ikatengenezewe dawa, na mimi siku zote nilichukulia ni hadithi ya kulaza watoto. Akasema watu hawakuzitunga bure hadithi zile, mtu ambaye nguvu zake zinachukuliwa kila siku na ardhi yake inachukuliwa atatafuta neno la kueleza, na damu ni neno ambalo kila mtu analielewa. Ukirudi na hilo kwenye muvi unaona yule mnyonya damu mkubwa Remmick hakuja kwa ajili ya shingo za watu peke yake, anautaka muziki wa Sammie, yule kijana mpiga gitaa, anataka kile kinachowaita wazee wao waliokufa.

Ile sini ya Sammie anapiga gitaa na waliotangulia na watakaokuja wanatokea wote kwenye ukumbi mmoja wanacheza, nilishikwa na kitu kooni. Ndivyo ngoma inavyotakiwa kufanya. Mke wangu alinishika mkono hakusema kitu mpaka tumetoka.

Hapa nisikilizeni vizuri, jamaa alisema saa ya kwanza ya Sinners inakokota. Hapana. Ile saa ya kwanza wanavyozunguka kumchukua mpiga piano, mpishi, mlinzi wa mlango, kila mtu na kwao na jeraha lake, ndo muvi yenyewe, bila hiyo usiku ule wanakufa watu usiowajua na hutalia. Nilimwandikia hivyo Jumamosi, akanijibu kwa heshima kwamba bado anasimama alipo. Sawa. Ila yeye ndiye aliyesisitiza tusinyanyuke majina yakianza kupita, na kweli, ukumbi mzima ulinyanyuka tukabaki sisi wawili na vijana wawili wa nyuma, akatokea Buddy Guy mwenyewe, Sammie akiwa mzee, na mazungumzo yale yanageuza kila ulichokiona. Kwa ushauri huo peke yake nimelipwa hela yangu ya mwaka.

Tulipokosana kweli ni kwenye Nawi. Ni muvi ya Kenya ya 2024, Kenya waliipeleka Oscar mwaka ule, inahusu binti wa Turkana aliyefaulu mtihani vizuri sana na baba anataka kumuoza kwa mifugo. Kwanza jamaa alimwaga mwisho! Hakuonya, dakika ya nne tu ameshasema. Pili alisema ni muvi ya mradi, imetengenezwa kwa ajili ya wafadhili na semina. Mimi niliiona Nairobi nilipokwenda kwa dada yangu, nikaenda na binti yake wa miaka kumi na tatu. Michelle Lemuya Ikeny aliyecheza Nawi ni mtoto wa Turkana na hakuwahi kuigiza kabla, na macho yake yanafanya kazi ambayo waigizaji wazoefu wanaitafuta miaka. Hadithi yenyewe ilitoka kwenye shindano la uandishi, ya Milcah Cherotich. Ni kweli kuna sehemu watu wanaongea kama wanasoma bango, hilo namkubalia. Lakini kwenye matatu tukirudi yule mtoto alikuwa kimya mpaka tunakaribia kushuka, akaniuliza, Mjomba, kwa nini hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye? Muvi iliyomfanya mtoto aulize hivyo siwezi kuiita ya semina. Nilimtumia jamaa voisi ndefu, nadhani ndo ndefu kuliko zote nilizowahi kutuma, hakujibu mpaka Jumatatu.

Binti ya Seko Shamte, ile ya wanawake wanne wa Dar iliyofika Netflix, aliipa dakika kumi na mbili tu. Ilistahili zaidi. Kusikia Kiswahili cha Dar cha kawaida kikiongewa na wanawake wanaojadili mambo yao bila kupiga kelele, kwetu sisi tuliozoea kugombezana kwenye bongo muvi, ni jambo la kuzungumzwa.

Kuhusu huduma yenyewe: voisi hazili bando sana, kuchelewa anachelewa, mara mbili ilifika Jumapili. Muvi za mtaani zile za bei ndogo hazigusi kabisa na hiyo naona ni kasoro kubwa, maana kule ndo watazamaji wengi walipo, na wanaozitengeneza hawana mtu wa kuwaambia ukweli kwa upole. Kumwaga mwisho tulimlalamikia wengi, siku hizi anaonya kwanza.

Mwezi huu nimelipia miezi mitatu mbele. Nimemwomba arudie Vuta N'kuvute, safari hii azungumzie taarabu peke yake, amesema Ijumaa ya wiki ijayo, na mama ameniambia nimwekee spika.