Kisomaji cha OBD2 cha bluetooth: kizuri, ila usikitwishe kazi isiyo yake

OBD2 ni mfumo wa gari kujichunguza hitilafu, na kisomaji ndicho kinachokuonyesha ulichogundua. Kidude chenyewe kinaenea kiganjani. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva, unawasha swichi, unakiunganisha na simu kwa bluetooth (namba ya siri mara nyingi ni 1234 au 0000), kisha programu kama Torque inaanza kusoma. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia 1996, na Ulaya kuanzia 2001, yanatakiwa kuwa na mfumo huu. Kama lako ni la zamani zaidi, hakikisha kwanza kabla hujatoa pesa.

Nakipenda sana. Kinachonikera ni jinsi kinavyonadiwa, kana kwamba kitakutajia kifaa kibovu. Hakitaji. Kinachokupa ni lalamiko la kompyuta ya gari, na lalamiko moja lina vyanzo vingi. Ukitokea msimbo P0420, yaani katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) haifanyi kazi ipasavyo, mtu anakimbilia kununua katalisti mpya, kifaa cha bei mbaya kweli, wakati ekzosi inayovuja karibu na sensa ya oksijeni inaweza kuleta msimbo uleule.

Thamani yake halisi iko kwenye ukurasa ambao wengi hawaufungui: data za injini ikiwa inanguruma. Gari langu liliwasha taa ya cheki injini, likawa linatetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Msimbo ulikuwa P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Nikashauriwa nibadilishe sensa ya oksijeni. Kabla ya kununua chochote niliangalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia. Kwenye sailensa ilizidi 20. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, nikashikilia hapo, ikashuka karibu na 5. Dalili hiyo inasema kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupimwa. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata ufa mdogo unaivuruga. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya ufa haihesabiki. Ingekuwa pampu au filta ya mafuta imechoka, kwa kawaida asilimia ingepanda kadiri unavyokanyaga.

Nilizima injini, nikaacha ipoe, nikapapasa nyuma ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Mpira mwembamba wa vakyum ulikuwa umepasuka pale unapopinda, ufa usioonekana mpaka uukunje kwa vidole. Nilipoweka mpira mpya asilimia ikarudi karibu na sifuri. Sensa iko palepale hadi leo, nzima.

Gari likimisi, yaani silinda ikishindwa kuchoma mafuta vizuri, pia kinasaidia, mradi ukubali kuchafuka mikono. P0301 maana yake silinda namba 1 haichomi sawasawa. Chanzo kinaweza kuwa plagi, koili, nozeli au hata mgandamizo. Kama kila silinda ina koili yake, hamisha ya namba 1 uipeleke namba 3, futa msimbo, endesha. Msimbo ukirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, koili haina kosa, endelea na plagi. Jaribio hilo halihitaji kununua kitu, na sielewi kwa nini mafundi wengi wanaliruka.

Kinaonyesha na volti, lakini kwa betri bado naiamini multimita (kipima umeme) zaidi, tena ya kawaida tu. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama 12.6, ikifika 12.0 imekaribia kuisha. Injini ikiwaka utegemee kati ya 13.5 na 14.5, na isipopanda kabisa, angalia altaneta, mkanda wake na vichwa vya betri vilivyoota unga.

Upungufu upo. Visomaji vingi vya bei nafuu haviingii kwenye ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki) wala eabegi. Vya bluetooth ya zamani havielewani na iPhone. Kwa iPhone tafuta cha bluetooth LE (ile mpya inayotumia umeme kidogo) au cha Wi-Fi. Vingi vimeandikwa ELM327, jina la chipu ya ELM Electronics ya Kanada, lakini ndani ni nakala, na nakala mbovu inakatika katikati ya kusoma.

Usifute msimbo kabla ya kuunakili pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati tatizo lilipotokea: joto, kasi, mizunguko. Ukifuta, hiyo nayo inapotea, na ndiyo ambayo fundi angeihitaji zaidi. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, achana na simu, zima injini hapohapo.

Mwisho, kichomoe ukiegesha gari kwa siku nyingi. Pini namba 16 inapata umeme wa betri hata swichi ikiwa imezimwa, na betri iliyochoka haitavumilia.