Ultrasaundi ya korodani ya mwanangu, Malindi: uzoefu wangu

Nilikuwa namkogesha mwanangu wa miaka minne, vidole vikagota kitu kwenye korodani ya kushoto. Kadogo, kama punje ya choroko. Nikabonyeza, hakulia. Mama mkwe akasema, "Hilo busha tu, mwanangu. Hata babuye alikuwa nalo." Kwa vile matende na mabusha huku pwani si mageni, nikanyamaza.

Zahanati ya kwanza, ambayo siitaji, tabibu alizima taa akamulika tochi nyuma ya pumbu. Ngozi ikang'aa nyekundu, akasema ni maji, busha, turudi baada ya mwaka. Haya, maji ni maji, lakini yako wapi? Busha ni maji yanayoizunguka korodani. Ya mwanangu yalikuwa ndani ya korodani yenyewe, na tochi haikuweza kumwambia hilo.

Lililotufumbua macho ni ultrasaundi, mjini, shilingi 3,000. Dada wa pale ile jeli aliipasha kwanza kiganjani, mtoto akatazama katuni hadi mwisho. Akanigeuzia skrini: kiduara cheusi tititi, yaani kifuko cha maji ndani ya korodani, ukingo mwembamba, hakipiti damu ndani. Milimita saba. Yeye nampa nyota tano bila kusita. Mapokezi nawapa mbili, maana yule kijana alipaza sauti ukumbi mzima, "Mtoto wa korodani ni nani?" Mtoto naye akanyoosha mkono!

Daktari wa upasuaji tulimfuata Mombasa. Alitaka damu ipimwe AFP, protini inayoweza kupanda kukiwa na saratani, kusaidia kujua kama ni uvimbe mbaya, kisha akasema tusubiri miezi mitatu tupige picha tena. Kifuko kilipofika milimita kumi na moja, akapasua kwenye kinena, si kwenye pumbu, akakibandua kile kifuko na kuiacha korodani mahali pake. Mimi nilikwenda nikidhani wataitoa yote. Usiku ule sikulala. Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu, muda mrefu mno kwa mzazi, ila yalisema si saratani.

Wetu hakuwa na maumivu, ndiyo maana tuliweza kusubiri. Wako akishikwa na maumivu ya ghafla na kutapika, usingoje foleni ya picha. Korodani huenda imejisokota, na hapo ni suala la saa chache tu.

Sasa kila mgeni anayekuja huonyeshwa kovu. Bibi yake bado analiita busha.