War of Immortals: kumuua Gorum bila kuiua kampeni

Kitabu hiki cha Pathfinder, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa simulizi na dadu, toleo la pili, kilitolewa na Paizo mwaka 2024, na kazi yake kubwa ni moja: kumwondoa Gorum. Huyu ni Bwana wa Chuma, mungu wa vita, mmoja wa miungu 20 mikuu ya ulimwengu wa Golarion. Anauawa, na damu yake pamoja na vipande vya deraya yake vinanyesha juu ya nchi. Vinapoangukia, mambo hayabaki yalivyokuwa: huyu anapata nguvu ambazo hakuziomba, yule anageuka kiumbe cha kutisha. Nafasi yake katika ishirini inachukuliwa na Arazni. Kwa kalenda ya ndani ya mchezo ni mwaka 4724.

Paizo wamechagua mungu sahihi wa kufa. Angekufa Pharasma, mwenye kuhukumu roho, ingebidi kuandika upya kila kinachotokea mhusika anapofariki. Gorum ni mkubwa kiasi cha kuuma, kwa sababu askari wa kukodiwa, wababe wa River Kingdoms na orki wa Belkzen wote wanamjua, lakini kuondoka kwake hakuvunji kanuni hata moja ya gemu. Linganisha na Aroden, mungu mwingine wa Golarion, aliyekufa mwaka 4606. Kifo kile kilikuwa historia tayari kabla ya mchezaji yeyote kukaa mezani, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa kitu. Hiki cha sasa kinaweza kutokea katikati ya kampeni yako, yaani simulizi ndefu mnayoicheza kikao baada ya kikao, na mtu aliyeandika "Gorum" kwenye karatasi yake yuko pale pale, ameshika dadu.

Hapo ndipo kitabu kinapokuwa chembamba. Kimejaa nguvu mpya za wanaofaidika na kifo hicho, ila kwa kasisi, mhusika anayepata miujiza yake kutoka kwa mungu, aliyefiwa na mungu huyo hakitoshi. Mwendesha gemu ajaze pengo mwenyewe, na njia hii inafanya kazi.

Kwanza, mwambie mchezaji wa kasisi huyo mapema, nje ya mchezo, yeye peke yake. Watu wengi huficha ili washangaze, na ndiyo sababu kubwa ya kampeni kuvunjika hapa. Mshangao ni mtamu kwa meza nzima isipokuwa yule mmoja aliyenyang'anywa mhusika wake. Akijua, atakusaidia kuandaa msiba.

Pili, usikate nguvu zote siku moja. Kasisi wa Pathfinder bila miujiza hana mengi ya kufanya vitani, silaha yake haifikii ya askari. Tumia jaribio tupu, yaani dadu ya pande 20 bila kuongeza chochote. Wiki ya kwanza ya ndani ya mchezo, kila muujiza unahitaji 5 kwenda juu, hivyo atafaulu mara 80 kati ya 100. Wiki ya pili weka 11, nusu kwa nusu. Wiki ya tatu weka 15, nafasi inabaki 30 kwa 100. Akifeli, apoteze zamu yake tu, muujiza wenyewe abaki nao. Ukimpotezea vyote viwili, kufikia pambano la pili atakuwa anachezea simu.

Tatu, mwisho wa wiki hizo awe na milango ya kutokea. Wa kwanza ni kuhamia kwa mungu mwingine. Angalia miiko hapo: Gorum alikataza kuua mateka na aliyejisalimisha, lakini pia alikataza kuzuia vita kwa mazungumzo. Mwiko huu wa pili ndio utakaomtesa kasisi akifika kwa Iomedae, mungu wa heshima na haki, maana miaka yote amezoea kuona maneno ya amani kama dhambi. Usiuruke mgogoro huo, unatosha vikao kadhaa vya mchezo. Mlango wa pili ni battle harbinger, aina ya kasisi wa vita: miujiza michache, silaha zaidi. Kwa mfuasi wa Gorum unamkaa vizuri kuliko mingine yote.

Wa tatu ni kugeuka exemplar, mtu mwenye cheche ya kimungu. Ana vitu vitatu vyenye nguvu, na cheche inakaa katika kimoja kwa wakati mmoja, ikihama kutoka upanga kwenda mwilini, kutoka mwilini kwenda kwenye vazi. Kipande cha deraya ya Gorum kinaingia hapo bila kulazimisha. Tahadhari mbili. Kanuni za kujifunza upya haziruhusu kubadili aina ya mhusika, kwa hiyo ruhusa itoke kwako. Na exemplar anategemea nguvu za mwili au wepesi, wakati kasisi anategemea busara. Ukimhamisha bila kupanga upya namba hizo, kila pigo litakwenda pembeni na atadhani aina hii ni mbovu.

Kuhusu mabaki yenyewe ya Gorum, kitabu kinapenda vipande vikubwa na vya kung'aa. Mezani kwetu nyanda za juu kipo kielelezo kizito zaidi. Mapokeo ya Wanyakyusa yanasimulia habari za Lwembe wa Lubaga, kule Rungwe, mtawala ambaye afya yake ilikuwa afya ya mashamba. Hakuachwa afe kwa ugonjwa. Wazee waliomzunguka walimziba pumzi, na kabla hajakata roho walimng'oa nywele na kucha, wakazifukia kwenye tope la mto ili rutuba isiondoke naye. Tazama kilichomo humo: mauaji yanayofanywa na wanaomheshimu, muda mfupi sana wa kuyatenda, na kitu kidogo kinachobeba kila kitu. Mpe kundi lako kazi ya namna hiyo. Badala ya upanga wa mita mbili unaowaka, watafute ukucha mmoja wa chuma uliofukiwa mtoni, na kijiji ambacho hakitaki uchimbuliwe kwa sababu mahindi yao yanaota kwa ajili yake. Wachezaji watabishana wenyewe saa nzima bila wewe kurusha dadu.

Kanuni za ushujaa mkuu (mythic) zilizomo kitabuni ni nzuri, ila zinahitaji kueleweka. Mhusika ana pointi zisizozidi 3, na akitumia moja kurudia jaribio, anaongeza levo yake pamoja na 10 badala ya nyongeza yake ya kawaida ya ujuzi. Chukua levo ya 15. Mwenye ujuzi wa kati huongeza 19, kwa pointi anaongeza 25. Bingwa wa ngazi ya juu kabisa huongeza 23, hivyo anapata 2 tu zaidi. Pointi zitumike pale mhusika alipo dhaifu. Wengi hufanya kinyume, wanazimwaga kwenye ustadi wao mkubwa halafu wanalalamika kwamba ushujaa hauna nguvu.

Animist, aina ya pili mpya, anashirikiana na roho zinazomzunguka na kuzibadilisha kila siku. Ni tajiri, lakini msimpe mgeni. Karatasi yake ina maamuzi mengi kila asubuhi ya mchezo, na anayeanza ataisimamisha meza.

Kwa walioko Mbeya, Njombe au Iringa, nunueni PDF kwenye tovuti ya Paizo kwa kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Nakala ya jalada gumu ni nzito na gharama ya kuisafirisha inauma. Kanuni peke yake, bila simulizi na picha, zimewekwa bure na kihalali kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa hiyo wachezaji hawahitaji kununua chochote, mwendesha gemu mmoja akiwa na kitabu inatosha. Chapisheni kwenye duka la steshenari kurasa za pointi na za aina ya mhusika wa kila mmoja kabla ya siku ya mchezo, kwani umeme ukikatika jioni ya mvua na simu zikaisha chaji, hizo ndizo mtakazozihitaji.