Kuomba chuo cha afya nikiwa Kigoma: mfumo nyota nne, steshenari nyota moja

Kwetu tuko watatu na kila mtu kaomba chuo kwa mtindo wake. Kaka aliomba 2013 enzi za ule mfumo wa pamoja wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ulioanza 2010, unalipia mara moja unapanga vyuo vyako afu unatulia. Mi nimeomba 2018, mfumo ushaondolewa mwaka mmoja nyuma, kila chuo kivyake na fomu yake na hela yake, nikaomba vitatu nikapata viwili, hapo tena unasubiri kodi, yaani namba ya uthibitisho, kwenye simu uthibitishe unaenda wapi usije ukamkalia mwenzio nafasi. Sasa dogo anataka utabibu, na vyuo vya afya vya cheti na diploma bado vinaombwa kwa pamoja kupitia NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na ufundi stadi), nikajikuta nimerudi kulekule kwa kaka.

Kiukweli nimeupenda. Akaunti moja tu, chuo cha Nkinga kule Tabora humohumo, cha Kabanga hapa Kasulu humohumo, na sisi wa huku mwisho wa reli tunajua nauli ya kufuata fomu ilivyo. Vigezo navyo havina kona: utabibu lazima uwe umefaulu fizikia, kemia na baiolojia, famasia kemia na baiolojia, na somo la dini halihesabiwi kwenye zile D nne za kidato cha nne zinazotakiwa. Dogo ana D ya fizikia, ya kubahatisha, lakini D ni D.

Shida imeanzia steshenari. Mi nilikuwa Uvinza kikazi, dogo ana kitochi, nikamwambia nenda steshenari ya hapo Mwanga, Kigoma mjini, wakujazie. Jamaa kachukua elfu tano yake, kajaza fresh, ila sehemu ya simu kaweka namba YAKE na imeili YAKE, eti ndo wanavyofanyaga isiwe usumbufu. Neno la siri kaliandika nyuma ya risiti. Risiti ikafuliwa na suruali.

Narudi Kigoma zimebaki siku mbili dirisha lifungwe, naenda dukani, pamefungwa, jamaa yuko msibani Kasulu. Nampigia nataka kubadili neno la siri, kodi si inaingia kwake, ananiambia "broo, humu nimejazia watu kama arobaini, wako jina nani?" Mtandao unakata, nyuma nasikia watu wanaimba, ananisomea namba mojamoja, mara ya kwanza imegoma, ya pili imegoma, ya tatu ndo tukaingia. Kucheki, chaguo la kwanza kaweka chuo cha Mtwara! Mtwara jamani, mtoto wa Katubuka hapa Kigoma. Anasema kule nafasi hazigombaniwi. Bahati alikuwa hajatuma, nikaweka Kabanga juu maana Kasulu tuna shangazi, kula na kulala haitusumbui, na simu nikaweka yangu.

Mfumo naupa 4 kati ya 5. Moja naikata kwa sababu ukikosea kitu kimoja umekosea vyuo vyote kwa mpigo, mi 2018 hata kama ningeharibu fomu moja zilikuwa zinabaki mbili. Steshenari 1, na hiyo moja yenyewe nimempa kwa kuwa alipokea simu msibani.